Profesa Enhe Aenziwa Angali Hai

Asubuhi ile Profesa alikuwa uani akianika shuka wakati teksi iliposimama nje ya geti na kumshusha mwanamke aliyevaa nyeusi tangu kichwani hadi miguuni, leso mkononi, macho mekundu. Mwanamke akasukuma geti, akapiga hatua mbili tatu, akainua uso. Alipomwona Profesa amesimama pale na kibanio cha nguo mdomoni, aliketi palepale kwenye saruji iliyolowa maji.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema akiwa chini, kwa sababu adabu ni adabu hata mbele ya marehemu anayeanika nguo.

Profesa akatoa kibanio mdomoni. "Marahaba. Mbona unakaa kwenye maji?"

"Nimekuja msibani."

"Msiba wa nani?"

Mwanamke alimtazama, akaitazama shuka inayodondosha maji, akamtazama tena. "Wako," akasema.

Usicheke bado. Mwanamke huyo hakuwa na kasoro yoyote kichwani. Ni muuguzi mkuu wa wodi ya wanawake katika hospitali kubwa ya mji, mtu wa kuheshimika, na alikuwa ameomba ruhusa kazini na kulia njia nzima mpaka dereva wa teksi akampa pole. Kilichomtoa machozi ni neno moja tu. Ili ulielewe neno lenyewe, inabidi kwanza umjue Profesa.

Alifundisha katika chuo kilekile tangu nywele zake zikiwa nyeusi hadi zikawa nyeupe zote. Kilikuwa chuo cha watu wa kazi za mikono na hesabu: wauguzi, wahasibu, wapima ardhi, mafundi wa majengo. Katikati ya masomo yao chuo kiliweka somo moja la lazima lililoitwa Insia, yaani yale yote yanayomhusu mtu kwa kuwa ni mtu: historia yake, lugha yake, fikra zake, hata hofu zake. Wanafunzi wapya walipoliona kwenye ratiba walidhani ni insha, mpiga chapa kakosea herufi, na kila mwaka alikuwapo mmoja aliyekuja darasani amejiandaa kuandika juu ya faida za ng'ombe.

Somo lilipewa chumba kibaya kuliko vyote, ubavuni mwa karakana ya useremala, na wakati mbaya kuliko wote, mchana baada ya chakula, saa ambayo hata mwenye nidhamu husinzia macho wazi. Feni ilizunguka ilipojisikia. Msumeno ulipoanza kulia upande wa pili wa ukuta, Profesa alinyamaza, akasubiri, na ulipotulia akaendelea na sentensi kuanzia silabi aliyoiachia.

Hakuwa mtu wa mihadhara mirefu. Alimwita mwanafunzi mmoja mbele aseme jambo aliloliona wiki ile, wodini, kwenye ujenzi, nyumbani, popote. Mwanafunzi alisema, akadhani amemaliza, akageuka arudi kwenye kiti chake. Ndipo Profesa alipoegemea dirisha na kusema, "Enhe?"

Ni neno dogo. Kila mmoja wetu amelisema akisimuliwa kisa, kumwambia msimulizi asiishie hapo. Lakini Profesa alilisema kama mtu mwenye mchana mzima na asiye na pa kwenda. Mwanafunzi akaongeza kidogo. "Enhe?" Akaongeza tena, safari hii kwa sauti ya chini. "Enhe?" Mpaka anafika mahali anakwama, anakuna kichwa, anasema, "Hapo sasa, Profesa, sijui."

"Vizuri," Profesa alisema. "Hapo ndipo tunapoanzia." Na vitabu vilifunguliwa kuanzia hapo, si kabla.

Hata kwenye karatasi zao hakuweka alama ya vema wala ya kosa. Aliandika pembeni kwa wino wa kijani: Enhe? Wino mwekundu, alisema, anawaachia wenye uhakika. Ndiyo maana jina lake halisi lilisahaulika hata kwa mlinzi wa getini. Alikuwa Profesa Enhe, ingawa mbele yake waliishia kwenye Profesa, wakiogopa.

Maana alikuwa mkali, na hilo nalisema mapema usije ukadanganywa na waliompaka sukari baadaye. Aliyechelewa alisimamishwa mlangoni na kuulizwa sababu, na sababu yenyewe ikapigwa enhe juu ya enhe hadi ikabaki mifupa. Wapo waliokiri wenyewe kwamba walilala tu.

Alipostaafu, hakuonekana wa kushika nafasi yake. Aliyefaa alikuwa mmoja, naye ni mkuu wa idara, mwanafunzi wake wa zamani aliyekuja chuoni kusomea upimaji ardhi akaangukia kwenye insia kama mtu aliyeteleza. Jina lake la darasani lilikuwa Rula, kwa sababu hakuweza kuandika kichwa cha habari bila kukipigia mstari kwa rula. Profesa alimwomba achukue somo. Rula alimpiga chenga kila mara: ana vikao, ana ripoti, labda mwaka ujao. Somo likawa linaning'inia. Bodi ya chuo nayo, chini ya mwenyekiti aliyekuwa mhandisi mstaafu mwenye saa kubwa mkononi na subira ndogo moyoni, ikaanza kuulizana kama kipindi kile cha mchana hakiwezi kupewa somo la kompyuta.

Hilo ndilo lililomkosesha Profesa raha tangu astaafu. Kusahauliwa yeye hakukumsumbua. Alisema majirani walishaanza. Alichoogopa ni chumba kile ubavuni mwa karakana kujaa watu wanaojua kujibu kila kitu na wasiojua kuuliza. Alikipenda chumba kile, kibaya hivyohivyo, na wazo la kwamba enhe zitakoma mle ndani lilimuuma kuliko alivyokubali kusema.

Basi chuo kikaamua kumwandalia hafla, na Rula akapewa kazi ya kuandika tangazo. Aliandika kwa moyo wote. Juu kabisa akaweka, kwa herufi kubwa: HAFLA YA KUMUENZI PROFESA WETU MPENDWA. Chini yake: Atakumbukwa daima kwa upole na upendo wake. Printa ya idara ilikuwa imeishiwa wino wa rangi, hivyo picha ya Profesa ikatoka nyeusi na nyeupe. Rula aliona imepwaya, akaizungushia fremu nyeusi, kwa rula bila shaka, na kwenye kona akaweka ua.

Neno kuenzi halina kosa. Fungua kamusi utalikuta limetulia, maana yake kumpa mtu heshima na hadhi. Shida ni kwamba tumelizoea makaburini. Ni nani aliyewahi kukuenzi wewe huku unakunywa chai yako? Mtu huenziwa akishafunikwa udongo. Tangazo lilipopigwa picha na kurushwa kwenye kundi la simu la wanafunzi wa zamani, wa kwanza akaandika, "Pole kwetu sote." Wa pili akaandika, "Pumzika kwa amani, mwalimu wetu." Baada ya hapo hakuna aliyesoma mpaka chini, palipoandikwa kwamba mwenyewe atakuwepo na soda zitakuwepo.

Ndivyo muuguzi alivyofika kwenye saruji iliyolowa.

Wakati anainuliwa, mlango wa jikoni ulifunguka na wifi yake Profesa akatoka na simu mkononi. Wawili hao waliishi pamoja tangu mume wa Profesa alipofariki. Wifi alikuwa mshonaji, mdomo wake mkali kuliko mkasi wake.

"Wifi," alisema, "kumbe umefariki jana na hukuniaga. Na chai yangu umeinywa leo."

"Lete hapa nione," Profesa alisema.

"Subiri nimalize. Wanasema ulikuwa mpole."

"Nani kasema?"

"Wote."

"Basi watakuwa wamefiwa na mtu mwingine."

Muuguzi akacheka na kulia kwa pamoja, jambo ambalo halimpendezi mtu yeyote usoni, wakamwingiza ndani wakampa kanga kavu. Alipotulia, Profesa alimuuliza, "Umetoka hospitali mpaka hapa kunililia mimi. Kwa lipi hasa?"

"Mwalimu unakumbuka siku niliyosimama mbele nikasema kuna bibi wodini anakataa kuogeshwa?"

"Enhe?"

Muuguzi akatabasamu. "Ulisema hivyohivyo. Nikasema ni mkaidi. Ukasema enhe. Nikasema labda ni mchafu tu. Ukasema enhe, na darasa zima likanitazama. Nikasema sijui. Kesho yake nikamuuliza mwenyewe. Akaniambia alikuwa mwalimu mkuu wa shule maisha yake yote, na bafu la wodi halikuwa na komeo. Hakuwa na ugomvi na maji. Alitaka mlango ufungike."

"Ukafanyaje?"

"Nilileta komeo nikalipigilia mwenyewe, nikafokewa. Sasa wodi ni yangu, na hakuna bafu lisilo na komeo. Kila nikimwelekeza muuguzi mpya namwonyesha komeo kwanza, dawa baadaye."

Profesa alijitia anatafuta sukari, na sukari ilikuwa mbele yake.

Mpaka adhuhuri sebule ilikuwa imejaa na viti vya jirani vimeazimwa. Walikuja wahasibu, walikuja mafundi, akaja mpima ardhi mmoja na shada la maua ambalo hakujua alifiche wapi. Wote waliingia wakilia na kutoka wakicheka, na wifi aliwapokea getini kwa maneno yaleyale: "Marehemu yuko ndani, lakini usimchokoze, kaamka vibaya." Nyumba ilikuwa haijapata furaha kama ile kwa muda mrefu.

Lakini Profesa kadiri saa zilivyokwenda alizidi kunyamaza. Sikio lake lilikuwa limenasa kitu kilichowapita wengine. Yeye mwenyewe walishamfufua. Walimwambia "unapenda," "unasema," "una". Ila walipotaja somo, walirudi kule kule msibani. Lile somo lilikuwa zuri. Lilitusaidia sana. Siku zile. Zamani.

Rula alifika alasiri, jasho linamtoka, tangazo limekunjwa mfukoni.

"Profesa, nimekuja kuomba radhi. Mimi nilitazama kamusi kabisa. Kamusi inasema kuenzi ni..."

"Najua inavyosema. Kamusi haikuja hapa kunililia asubuhi. Kaa."

Rula akakaa.

"Na somo?" Profesa aliuliza.

Rula alitazama sakafu. Halafu akasema yote, kwa sababu kwa mwanamke yule hakuwahi kuweza kuficha kitu. Bodi imeshaamua, imebaki kutangaza. Itatangaza kwenye hafla, kwa maneno mazuri. Mwenyekiti anasema somo lile lilikuwa Profesa mwenyewe, na kwa kuwa Profesa ameondoka, hakuna cha kubakiza. Kipindi kinakwenda kwenye kompyuta.

"Kumbe hukukosea neno," Profesa alisema. "Mnanienzi kweli."

"Profesa..."

"Na wewe? Wewe ungelifundisha, wasingesema hivyo."

"Mimi siwezi." Alisema hivyo kwa sauti ya mwanafunzi, si ya mkuu wa idara. "Nimejaribu mbele ya kioo. Wewe ukisema enhe watu wanafikiri. Nikisema mimi nasikika kama bibi anayesubiri hadithi. Watanicheka."

Rula alipoondoka, Profesa alitangaza kwamba haendi kwenye hafla yoyote. Wamvike kilemba cha ukoka wakiwa peke yao. Yeye hatakaa kitini apigiwe makofi huku somo lake linashushwa kaburini. Alisema mengi, mengine makali sana.

Wifi alikuwa anapanga viti vya jirani virudishwe. Alimwacha amalize.

"Umemaliza? Sasa nikuulize. Yule kijana umemfundisha kila kitu. Neno lenyewe umewahi kumwachia aliseme?"

"Neno gani?"

"Hilo lako. Miaka yote hiyo darasani, wewe unaegemea dirisha, wewe unasema enhe. Kuna siku ulinyamaza akasema mtu mwingine?"

Profesa alifikiri hadi giza likaingia, na hakupata hata siku moja. Ilimuuma, kwa sababu alikuwa amewafundisha watu kuuliza kila jambo isipokuwa hilo. Akasema, "Hapo sijui nifanyeje." Wifi akasema, "Vizuri," akaenda kulala.

Siku ya hafla ukumbi ulifurika. Chuo kilitegemea walimu wachache na wafanyakazi wa ofisini; wakaja na wale wote waliolia, na wengine waliosikia tetesi na kutaka kuhakikisha kwa macho. Soda ziliisha kabla ya hotuba ya kwanza. Kipaza sauti kilikoroma. Mkuu wa chuo alimsifu Profesa kwa upole wake, na ukumbini wanafunzi wa zamani wakaanza kukohoa. Profesa akakabidhiwa saa ya ukutani, ile wanayopewa wastaafu wote.

Kisha mwenyekiti wa bodi akasimama. Alizungumza kwa heshima, na huo ndio ulikuwa ubaya wake, maana mtu mwenye heshima ni vigumu kumkasirikia. Alisema Insia ilikuwa Profesa na Profesa alikuwa Insia. "Kwa hiyo bodi imeona," alisema, "heshima kubwa tunayoweza kumpa ni kuliacha somo nalo lipumzike." Watu wachache wakapiga makofi kabla ya kuelewa, wakaacha.

Profesa aliitwa kutoa neno la shukrani. Alikwenda mbele polepole na kukisogeza kipaza sauti pembeni.

"Nashukuru," alisema. "Hotuba sina. Naomba muda wangu niutumie kwa kipindi kimoja. Mwenyekiti, usikae kwanza. Njoo hapa mbele utuambie jambo lolote uliloliona wiki hii."

Mwenyekiti aliitazama saa yake, akautazama ukumbi uliokuwa umeshageuza macho yote kwake, akaja shingo upande.

"Sijui mnataka nini," alisema. "Wiki hii nilipita kwenye lile daraja la waenda kwa miguu karibu na soko. Nililisanifu mimi, kabla sijastaafu. Liko imara. Lakini watu hawalitumii. Wanavuka chini, katikati ya magari. Watu ni wakaidi, basi." Akageuka arudi kwenye kiti chake.

Ukumbi wote ukamgeukia Profesa. Kila aliyepita katika chumba kile ubavuni mwa karakana alijua kinachofuata, na wengine walishaanza kutabasamu.

Profesa akaketi. Akakunja mikono mapajani na kufunga mdomo.

Ukimya ukaingia. Kwa mbali msumeno wa karakana ukalia, ukanyamaza. Mwenyekiti akasimama katikati ya njia, hajui kama ameruhusiwa kukaa. Muuguzi, aliyekuwa safu ya pili, alifungua mdomo. Profesa akamtikisia kichwa kidogo tu, akaufunga. Muuguzi ana wodi yake. Profesa alimtazama Rula, na Rula aliangalia viatu vyake. Neno lilikuwa limemjaa Profesa kinywani. Ilikuwa rahisi mno kulisema, na kila mtu angefurahi, na mwenyekiti angekuwa amesema kweli kwamba somo ni yeye tu. Alilimeza. Ukimya ukarefuka hadi ukawa aibu. Mkuu wa chuo akaanza kuinuka kuokoa jahazi.

"Enhe?"

Ilitoka kwa sauti iliyokwaruza. Rula alikuwa amesimama. Kweli alisikika kama bibi anayesubiri hadithi, na mtu mmoja nyuma alicheka. Lakini mwenyekiti hakucheka. Alimgeukia.

"Enhe nini?"

Rula hakuwa na dirisha la kuegemea, akaegemea meza. "Enhe, wanavuka chini. Akina nani?"

"Wote. Ingawa..." Mwenyekiti alifikiri. "Asubuhi nadhani ni akina mama zaidi. Wa sokoni."

"Enhe?" Mara hii lilisemwa na watu kadhaa, hata wa nyuma aliyecheka.

"Wana mizigo. Lakini ngazi nilizipima vizuri, nina vipimo vyote."

"Enhe?"

"Nilipima ngazi," mwenyekiti alisema, taratibu zaidi. "Sikupima mzigo. Ila nao vijana hawapiti, na hawana mizigo. Kuna kitu." Alikuna kichwa, mzee mzima, mbele ya ukumbi mzima. "Nimelitazama daraja lile miaka. Sijawahi kumsimamisha hata mmoja nikamuuliza. Hapo sijui."

"Vizuri," Rula alisema, na sauti yake haikukwaruza tena. "Hapo ndipo tunapoanzia."

Hakuna aliyepiga makofi. Walikuwa wameinama mbele vitini, wanataka kujua habari ya daraja. Profesa aliangalia kiganja chake kana kwamba kina maandishi, akalia bila kujificha. Wifi alimpa leso, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuongeza neno.

Mwenyekiti hakurudi kwenye kiti chake mara moja. "Lile la kupumzika," alisema, akisafisha koo, "nadhani nililitangaza mapema. Bodi italitazama tena. Hata hivyo somo halina mwalimu."

"Linaye," Rula alisema. "Mchana, baada ya chakula. Nalifundisha mimi."

Bodi ilikaa tena, ikabishana, na kompyuta zikapewa asubuhi. Saa ya ukutani ilitundikwa jikoni kwa Profesa, ikawa inachelewa, na wifi alisema imemfahamu mwenye nyumba, inangoja mtu amalize kuzungumza.

Siku za kipindi Profesa alijitafutia kazi asiitazame saa hiyo. Mchana mmoja, akikunja shuka, simu ikalia. Rula alikuwa ameandika: "Shikamoo Profesa. Leo nimelipeleka darasa darajani, na mwenyekiti amekuja. Tumewauliza wapitaji. Wametujibu mambo ambayo hayako kwenye kitabu chochote ninachokijua. Tumerudi darasani na wote wananitazama mimi. Hapa sijui."

Profesa alivaa miwani, akakaa. Aliandika jibu refu, akataja vitabu, akataja na sura zake, na wapi waanzie. Wifi alichungulia juu ya bega lake.

"Unamjibu au unamwandikia gazeti?"

Profesa akacheka. Akafuta yote, taratibu, mpaka kioo kikabaki kitupu. Kisha akaandika neno moja na alama ya kuuliza, akalituma. Alitamani tu simu ingekuwa na wino wa kijani.